Vilengeo vya Wazi au Darubini? Mazungumzo kwa Mnunuzi wa Bunduki ya Upepo



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ununuzi ambao watu wengi huufanya mara moja tu maishani, na kwa hiyo hawapati nafasi ya kujifunza kwa kurudia. Mtu aliyekwisha kupata kibali cha kumiliki bunduki ya upepo, awe mwanamichezo wa kulenga shabaha au mkulima aliyeruhusiwa kuwadhibiti waharibifu wa mazao, huingia dukani akakuta bunduki mbili zinazolingana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Ya kwanza ina ncha ndogo kwenye mdomo wa mtutu, na nyuma yake kibati chenye pengo. Ya pili haina vitu hivyo. Juu yake imefungwa darubini nyeusi yenye kung'aa. Bei ya pili ni kubwa zaidi, na sifa zote za muuzaji ziko upande huo. Mnunuzi anabaki akijiuliza kama aongeze fedha au asiongeze.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: kifaa cha kulengea hulisaidia jicho la mpigaji, wala hakiongezi usahihi wa bunduki yenyewe. Basi mnunuzi na aanze kwa kujiuliza mambo matatu: atapiga kutoka umbali gani, macho yake yana hali gani, na bunduki yake ni ya aina gani. Akishapata majibu ya maswali hayo, ndipo afikirie bei.

Kabla ya kuendelea, tuseme neno moja kuhusu sheria. Bunduki ya upepo si kitu cha kuchezea watoto. Risasi yake ndogo inaweza kulipofua jicho, na kwa umbali mfupi inaweza kuua. Mnunuzi aende kwanza kwenye ofisi ya polisi inayoshughulikia vibali vya silaha, aulize masharti, ndipo aende dukani. Wako wanaosoma maelezo yaliyoandikwa ughaibuni wakadhani yanawahusu. Nchini Uingereza, kwa mfano, mtu mzima anaweza kununua bunduki ya upepo bila leseni ikiwa nguvu yake haizidi takriban jouli 16, lakini hata huko, Scotland imedai leseni tangu tarehe 31 Desemba 2016. Ikiwa sheria hutofautiana ndani ya dola moja, ni wazi kwamba maelezo ya ng'ambo hayawezi kuwa kibali cha hapa. Tena, kumiliki bunduki si ruhusa ya kuwinda. Uwindaji una kibali chake.

Sasa turudi kwenye vilengeo. Vilengeo vya wazi ni viwili: ncha ya mbele na pengo la nyuma. Mpigaji huiweka ncha katikati ya pengo, vichwa vyake vikiwa sawa, kisha huielekeza ncha kwenye shabaha. Kazi hiyo inaonekana nyepesi, lakini inalidai jicho jambo ambalo haliwezi kulitimiza kikamilifu: kuona kwa wakati mmoja vitu vitatu vilivyo katika umbali tofauti. Pengo liko karibu, ncha iko mbali kidogo, na shabaha iko mbali zaidi. Jicho la mwanadamu huona kwa ukali kitu cha umbali mmoja tu kwa mara moja. Mpigaji aliyefunzwa huchagua kuiona ncha kwa ukali, akaiacha shabaha iwe na ukungu kidogo. Anayeikodolea shabaha na kuisahau ncha hukosa, na hukosa kwa kiasi kinachoweza kuhesabiwa. Ikiwa umbali kati ya ncha na pengo ni sentimita 50, na ncha imeondoka mahali pake kwa milimita 1 tu, risasi itatua sentimita 4 pembeni ya shabaha iliyo mita 20 mbele.

Darubini huondoa tatizo hilo. Ndani yake mna mistari miwili iliyokatana kama msalaba, na lenzi zake huiweka taswira ya shabaha na msalaba huo mahali pamoja, hivyo jicho halina haja ya kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Juu ya hayo, darubini hukuza. Iliyoandikwa 4x32 hukuza mara 4, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 32. Iliyoandikwa 3-9x40 hukuza kuanzia mara 3 hadi 9, na lenzi yake ya mbele ni milimita 40. Shabaha iliyo mita 40 mbele, ikitazamwa kwa ukuzaji wa mara 4, huonekana kana kwamba iko mita 10.

Lakini darubini hukuza kila kitu, na mtikisiko wa mikono ya mpigaji ni miongoni mwa vitu hivyo. Anayeanza kujifunza, akitazama kwa ukuzaji wa mara 9, huuona msalaba ukirukaruka juu ya shabaha, akahangaika kuuvizia upite katikati ili afyatue haraka. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kukosa. Ukuzaji mkubwa pia hupunguza eneo linaloonekana na mwanga unaolifikia jicho. Kwa mahitaji ya kawaida ya bunduki ya upepo, ukuzaji wa mara 4 unatosha kabisa, na anayenunua darubini ya kubadilishwa ukuzaji atajikuta akitumia namba za chini mara nyingi zaidi.

Jambo la kwanza la kupima, basi, ni umbali. Anayepiga karatasi ya shabaha kwa mita 10 hadi 20 hana haja kubwa ya darubini. Ushahidi tunao katika Michezo ya Olimpiki, ambayo imekuwa na shindano la bunduki ya upepo la mita 10 tangu mwaka 1984. Duara la alama kumi katika shindano hilo ni nukta yenye kipenyo cha nusu milimita, na kanuni zinakataza darubini. Washindani hutumia vilengeo visivyokuza: duara dogo mbele na tundu jembamba nyuma. Ni kweli kwamba bunduki zao ni za thamani na mazoezi yao ni ya miaka mingi. Hata hivyo funzo liko wazi: kwa umbali mfupi, kinachopungua kwa wengi wetu ni mazoezi. Kuanzia mita 25 hadi 40 hali hubadilika. Ncha ya mbele huanza kuifunika shabaha ndogo yote, na mpigaji hajui tena anaelekea sehemu ipi yake. Hapo darubini inaistahili bei yake.

Jambo la pili ni macho. Watu wengi wakifika umri wa miaka 40 na kuendelea huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Husogeza gazeti mbali ili walisome. Mtu wa namna hiyo huliona pengo la nyuma kama kivuli, na ncha ya mbele kama uzi wenye ukungu. Hata ajitahidi vipi, vilengeo vya wazi vitamchosha. Kwake yeye darubini si anasa, hata kwa mita 15, kwa sababu gurudumu la kwenye kioo cha nyuma humwezesha kuurekebisha msalaba uendane na jicho lake. Iwapo hana fedha za darubini, ziko bunduki zinazokubali kufungwa kilengeo cha nyuma chenye tundu dogo badala ya pengo. Kutazama kupitia tundu jembamba huongeza ukali wa vitu vya karibu na vya mbali kwa pamoja. Kijana mwenye macho mazima hana sababu ya kukimbilia darubini. Tunamshauri aanze na vilengeo vya wazi, kwani hivyo humfichulia kila kosa la mkono, la pumzi na la kidole.

Jambo la tatu, ambalo ndilo linalowatia wanunuzi wengi hasarani, ni aina ya bunduki. Bunduki nyingi za bei ya kawaida huendeshwa kwa springi. Mpigaji hukunja mtutu, springi ikashindiliwa. Akifyatua, springi husukuma pistoni mbele kwa nguvu, na pistoni husukuma hewa inayoitoa risasi. Pistoni inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma. Pistoni inapofika mwisho na kusimama ghafla, bunduki hutupwa mbele. Mshtuko huo wa pande mbili, ingawa begani huhisiwa kidogo, ni adui mkubwa wa darubini. Darubini nyingi zilizotengenezwa kwa bunduki za baruti zimeimarishwa kuhimili mshtuko wa kurudi nyuma tu. Zikifungwa kwenye bunduki ya springi, lenzi au msalaba huweza kulegea ndani, na mlaji akajikuta ana bomba zuri lisilofaa kitu. Bunduki zinazotumia hewa iliyoshindiliwa awali katika silinda hazina mshtuko wa namna hiyo, nazo hukubali darubini ya aina yoyote inayofunga vizuri.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza muuzaji wa darubini ni hili: "Je, mtengenezaji ameandika kwamba hii inafaa bunduki ya upepo ya springi?" Jibu la mdomo halitoshi; tafuteni maneno hayo kwenye sanduku au kwenye kijitabu cha maelezo, na mwombe muuzaji ayaandike kwenye risiti. Swali la pili: "Imerekebishwa kwa umbali gani?" Darubini ya bunduki ya baruti kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa umbali wa mita 90 au zaidi. Ikitumiwa kwa mita 15, shabaha huwa na ukungu, na msalaba huhama juu ya shabaha kila jicho linapohama. Darubini ya bunduki ya upepo hurekebishwa kwa umbali mfupi zaidi, au huwa na gurudumu la kuurekebisha hadi mita 10 hivi.

Bunduki yenyewe nayo ikaguliwe. Darubini hufungwa kwa pete mbili zinazobana mifuo iliyochongwa juu ya bunduki, na kwa nyingi upana wake ni milimita 11. Pasipo mifuo hiyo, darubini haina pa kukaa. Kwenye bunduki ya springi, ulizeni pia kama pana kizuizi au tundu la kuzuia pete zisiteleze nyuma kwa mshtuko. Na kinyume chake: ziko bunduki zinazouzwa bila vilengeo vyovyote vya wazi. Anayenunua moja kati ya hizo amekwisha kuchaguliwa darubini na kiwanda. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, bunduki yenye vilengeo vya wazi na pia mifuo ya darubini ndiyo inayomwachia uhuru: ataanza na vile, na akihitaji ataongeza hii.

Tahadhari maalumu tunaitoa kuhusu fungu la "bunduki pamoja na darubini". Mara nyingi darubini iliyomo katika fungu hilo ndiyo rahisi kuliko zote, na imewekwa ili kulipamba sanduku. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ulizeni bei ya bunduki pekee. Tofauti ikiwa ndogo sana, hiyo ndiyo thamani halisi ya darubini mnayopewa. Vilengeo vya wazi vilivyo imara ni bora kuliko darubini dhaifu, kwa kuwa vinapoharibika huonekana, lakini darubini inayohamahama ndani humfanya mpigaji ajilaumu na kuichezea bunduki isiyo na kosa.

Mkiwa dukani, fanyeni ukaguzi mfupi. Hakikisheni kwanza kwamba bunduki haina risasi, na elekezeni mtutu mahali salama. Shikeni kilengeo cha nyuma kwa vidole mkitikise, kisicheze. Zungusheni skrubu zake. Kisogee kidogo kidogo, kisha kitulie. Kwa darubini, tazameni kitu kilicho mbali: katikati pawe angavu, na pembezoni pasiwe na ukungu mwingi. Zungusheni magurudumu ya juu na ya pembeni. Kila hatua isikike au ihisiwe. Badilisheni ukuzaji, na angalieni kama msalaba umebaki mahali pake. Kamwe msiielekeze darubini kwenye jua, kwani mwanga wake uliokusanywa na lenzi hulichoma jicho papo hapo. Mwisho, daini risiti yenye jina la bidhaa, namba yake na muda wa dhamana. Bila risiti, malalamiko ya mlaji hukosa mguu wa kusimamia.

Baada ya kununua, kuna jaribio moja ambalo kila mlaji anaweza kulifanya mwenyewe mahali palipoidhinishwa. Egemezeni bunduki juu ya kitu laini, kama mfuko wa mchanga uliofunikwa blanketi, kwa mita 10 au 15. Nyuma ya karatasi ya shabaha pawe na kizuizi kinachonasa risasi. Pigeni risasi tano mkilenga mahali pamoja, bila kurekebisha kitu katikati. Kisha tazameni matundu. Yakiwa karibu karibu lakini mbali na mahali mlipolenga, bunduki ni nzima na kifaa cha kulengea kinahitaji kurekebishwa tu. Kwa vilengeo vya wazi, kilengeo cha nyuma husogezwa upande ule ule mnaotaka risasi iende: ikipiga kushoto, kisogezeni kulia, ikipiga chini, kiinueni. Kwa darubini, fuateni mishale iliyochorwa kwenye magurudumu.

Lakini matundu yakitapakaa karatasi nzima, msiguse gurudumu lolote, na msikimbilie duka la darubini. Kazeni kwanza skrubu za bunduki na za pete. Kisha jaribuni risasi za aina nyingine, maana mtutu mmoja hupatana na risasi za aina moja kuliko nyingine, hata zikiwa zote za kipenyo sawa cha milimita 4.5 au 5.5. Kisha mwombeni mtu mwenye uzoefu apige. Matundu yakiendelea kutapakaa, bunduki irudi kwa muuzaji pamoja na karatasi hiyo ya ushahidi. Hakuna lenzi duniani inayoponya mtutu mbovu.

Tumebakiza neno la usalama, nalo ndilo zito kuliko yote. Darubini hukaa juu ya mtutu kwa takriban sentimita 4. Mpigaji aliyejificha nyuma ya ukuta mfupi anaweza kuiona shabaha waziwazi kupitia darubini, ilhali mdomo wa mtutu unautazama ukuta. Risasi itagonga jiwe lililo mbele yake na kumrudia yeye au aliye jirani yake. Kwa sababu hiyo hiyo, bunduki iliyorekebishwa kwa mita 25 hupiga chini ya msalaba kwa shabaha iliyo mita 5. Aliyeandaa kizuizi chembamba cha risasi asishangae ikipita chini yake. Tena, jicho lililo kwenye darubini huona duara dogo la dunia. Mtoto anayekatiza kutoka pembeni haonekani mpaka amekwisha kuingia kwenye duara. Vilengeo vya wazi, kwa udhaifu wao wote, humwachia mpigaji uwanja mzima mbele ya macho yake.

Kwa hiyo wenye darubini washike desturi hii: tazama kwanza kwa macho matupu, mbele, nyuma ya shabaha na pande zote mbili, kisha sogeza jicho kwenye darubini, kidole kibaki nje ya kifyatuo mpaka umekwisha kuamua. Wala darubini ya bunduki isitumiwe kutafutia au kutambulia mtu au kitu kilicho mbali, maana kila kinachotazamwa kupitia kwayo kimeelekezewa mtutu. Mwenye haja ya kutazama mbali anunue darubini ya mkononi.

Ndugu wananchi, kijana mwenye macho mazima anayejifunza kwa mita 10 hadi 20, na anunue bunduki imara yenye vilengeo vya wazi, na fedha atakazookoa azitie katika risasi nzuri na mazoezi. Mwenye macho yaliyochoka, au mwenye kazi halali ya mita 25 na kuendelea, na anunue darubini ya ukuzaji mdogo iliyothibitishwa kwa aina ya bunduki yake, pamoja na pete zake na kizuizi. Ambaye bado hajapata uhakika na asubiri, kwa kuwa darubini inaweza kuongezwa mwakani. Fedha iliyokwisha kulipwa kwa kitu kisichofaa hurudi kwa taabu, na risasi iliyokwisha kutoka haina njia ya kurudi kabisa.